Nani Aamue Kiwanda? Pamba, Maziwa na Samaki wa Mara

Katika kanda ya pamba ya Ziwa Victoria, vita vya kwanza vya viwanda vilipiganwa kwenye mizani. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima wa Majita au Ikizu alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, akasimama pembeni ikipimwa, akaambiwa uzito wake na kuambiwa pia kama ni safi au fifi, yaani ya daraja la chini. Alilipwa kwa neno la mwenye mizani, na hakuwa na njia ya kulihakiki. Viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa wenye leseni, wengi wao wafanyabiashara wa Kihindi, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyoamua nani apewe leseni hiyo na kiwanda kikae wapi. Mkulima alikuwa mwanzo wa biashara yote, na sauti yake haikusikika popote.

Aliyekuja kuubadili mpango huo alikuwa mwana wa huku huku Mara. Paul Bomani alizaliwa Ikizu mwaka 1925, wakati Ikizu ikiwa sehemu ya wilaya ya Musoma. Leo iko wilaya ya Bunda, si mbali na Butiama. Wazazi wake walikuwa Wasukuma, na baba yake alikuwa mhubiri wa Kisabato. Inafaa kukumbuka kwamba Bomani hakuingia kwenye ushirika kwa mlango wa kilimo. Mwaka 1947 alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, watu wa maduka madogo waliotaka kununua bidhaa kwa jumla wenyewe badala ya kutegemea wauzaji wakubwa wa mjini. Kwa maneno mengine, kundi lililoibua ushirika mkubwa kabisa wa pamba lilikuwa jumuiya ya wenye maduka. Walijua bei, walijua hesabu za madeni, walijua barabara gani inapitika masika. Kutoka dukani wakahamia kwenye pamba, kwa sababu mteja wao alikuwa mkulima, na mkulima aliyepunjwa kwenye mizani hana cha kununulia kanga wala sukari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vyama vya wakulima viliweka wapimaji wao kwenye vituo vya kununulia. Lilikuwa jambo dogo lenye uzito mkubwa. Mtu wa chama alisimama pale, akapima kabla ya mnunuzi, akaandika. Bomani alikwenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough, akarudi, na mwaka 1955 likasajiliwa shirikisho la vyama vya ushirika vya kanda ya ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions. Mwaka uliofuata shirikisho likaanza kuingia kwenye uchambuzi wa pamba lenyewe. Mwishoni mwa muongo huo lilikuwa linashughulikia zao zima la kanda, na lilihesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa vya Waafrika barani.

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Kabla nchi haijapata uhuru, na kabla hakujakuwa na wizara ya viwanda ya serikali huru, watu wa ziwa walikuwa tayari wanaamua mambo ya viwanda kwa fedha zao. Kila ratili ya pamba ilikatwa senti kadhaa, senti zikawa mtaji, na mtaji ukanunua mashine. Baadaye shirikisho hilo hilo likaweka fedha katika kiwanda cha nguo cha Mwanza, Mwatex, kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960. Pamba ya mkulima ingegeuzwa kitambaa kando ya ziwa lile lile, katika kiwanda ambacho mkulima mwenyewe ana hisa zake.

Ushirika ule ulikuwa na maradhi yake, na mwandishi mkweli hawezi kuyaficha. Kati ya mkulima na shirikisho palikuwa na chama cha msingi, kisha chama kikuu, na kila ngazi ilikata chake. Makarani waliongezeka, magari yakaongezeka, na malalamiko ya wizi yakaongezeka zaidi. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za masoko nchini, na yaliyofichuliwa hayakuwa mazuri. Shirikisho likawekwa chini ya uangalizi wa serikali, na mwaka 1968 nafasi yake ikachukuliwa na chama kipya, Nyanza. Kosa la viongozi wachache likawa sababu ya kuwanyang'anya wanachama wengi usukani.

Hapo ndipo historia ya Mara inapokutana na mwana wake mwingine. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, miaka mitatu kabla ya Bomani, na alimteua Bomani kuwa waziri wa fedha katika serikali huru. Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na njia kuu za uchumi zikawekwa mikononi mwa umma. Oktoba mwaka huo Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, umbali wa maili 138, kuunga mkono Azimio. Barabara hiyo inapita Bunda, katikati ya nchi ya pamba. Watu waliojipanga kumwona Rais akipita walikuwa wakulima wale wale waliokatwa senti zao ili kununua mashine za kuchambulia.

Nia ya Mwalimu Nyerere ya kuwapa wananchi uwezo haitiliwi shaka. Alichokifanya mwaka 1972 kiliitwa Madaraka Mikoani, na ukisoma jina tu unaona ahadi. Kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, watumishi na bajeti za wizara vilihamishwa kwenda mikoani na wilayani. Musoma ikapata Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa, na chini yake wakaja wataalamu wa mipango, kilimo, maji na ujenzi. Lakini wakati huo huo halmashauri za kuchaguliwa zilifutwa. Madaraka yalifika mkoani yakiwa mikononi mwa mtumishi aliyeteuliwa Dar es Salaam, naye aliwajibika kwa Dar es Salaam. Diwani wa Bunda aliyechaguliwa na watu wake hakuwa tena na kikao cha kuingia.

Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na hili lilikuwa wazo zuri lililozaliwa katika mazingira magumu. Lilikusudiwa kumsaidia fundi wa kijijini: seremala, mhunzi, mshonaji, mwenye kinu cha kukamulia mafuta. Mara ilikuwa na mapokeo ya kutosha ya kujengea. Wahunzi wa koo za Waturi walikuwa wakifua majembe na silaha kwa majirani zao wa Ikizu, Uzanaki na Nata tangu enzi za mababu. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ikakutana hapa hapa Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi kwa watoto wote na shule zinazofanya kazi za uzalishaji. Kwa miaka michache Musoma ikawa jina linalotajwa kwenye kila hotuba ya elimu nchini.

Kisha ukaja mwaka 1976. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, kazi zao zikapewa vijiji na mamlaka za mazao za serikali. Mwaka huo huo, katika kampeni iliyojulikana kama Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yaje maduka ya ujamaa. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, unaona kilichotokea kwa jumuiya ya biashara ya mkoa. Mkulima alipoteza chama chake, na mwenye duka alipoteza duka lake. Watu walioujenga ushirika wa ziwa kutoka nyuma ya kaunta, pamoja na watoto wao, waliambiwa kazi hiyo sasa ni ya dola.

Ni katika kipindi hicho Musoma ilipopata kiwanda chake kikubwa kuliko vyote, Musoma Textile, ambacho kila mtu mkoani anakiita Mutex. Kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kilikuwa chini ya shirika mama la nguo, TEXCO, pamoja na Mwatex, Urafiki, Kilitex, Sunguratex na vingine. Kwa mji wa ukubwa wa Musoma, kiwanda kile kilikuwa jambo la fahari ya kweli. Vijana waliosoma shule za Azimio la Musoma walipata kazi ya kusokota na kufuma, wakajenga nyumba, wakasomesha wadogo zao. Wazee wa Musoma wanaokumbuka kengele ya zamu hawaikumbuki kwa kejeli, na hawapaswi kuchekwa kwa kuililia.

Lakini kila uamuzi uliokihusu kiwanda ulifanywa mbali na ziwa. Vipuri viliagizwa kwa fedha za kigeni zilizogawiwa Dar es Salaam. Pamba iliyochambuliwa Bunda, umbali wa safari fupi ya lori, ilikuwa mali ya mamlaka ya pamba, na mgawo wake uliandikwa kwenye makaratasi ya huko huko. Hapakuwa na mtu Musoma mwenye uwezo wa kusema: nyuzi hizi zibaki hapa, mashine ile itengenezwe na fundi huyu, kitambaa hiki kiuzwe Tarime kwanza. Na wakati ulikuwa mbaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na Musoma, ambayo tangu enzi za Mwingereza ilipokea na kutuma mizigo kwa meli kupitia Kisumu na reli yake, ikajikuta imepewa kisogo na soko lake la karibu zaidi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni zilizobaki. Katikati ya miaka ya 1980, viwanda vya Tanzania kwa jumla vilikuwa vikitumia chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Mutex haikuwa na namna ya kuepuka mkondo huo.

Hadithi ya maziwa ina sura hiyo hiyo, ila ilianza zamani zaidi. Katika miaka ya 1930 idara ya mifugo ya kikoloni ilihimiza utengenezaji wa samli katika jimbo la ziwa, na Musoma ikawa miongoni mwa maeneo yaliyong'ara. Wafugaji walipeleka maziwa kwenye vituo vidogo vyenye mashine za kutenganisha krimu, na samli ikasafirishwa kwa meli. Ilikuwa kazi ya vituo vingi vilivyotawanyika, karibu na ng'ombe. Miaka ya 1970 kampuni ya umma ya maziwa ikaendesha viwanda viwili vikubwa mkoani, Musoma na Utegi. Kiwanda kikubwa kinahitaji maziwa mengi kila asubuhi, barabara nzuri, ubaridi na umeme. Ng'ombe wa asili wa Mkurya au Mjaluo wakati wa kiangazi hatoi maziwa kwa kufuata ratiba ya mtambo. Vituo vidogo vya samli vilikuwa vimeijua hali hiyo. Mtambo mkubwa haukuijua.

Mwalimu mwenyewe aliliona kosa. Mwaka 1982 ilipitishwa sheria ya kurudisha serikali za mitaa na nyingine ya kurudisha ushirika, na kufikia 1984 halmashauri na vyama vikuu vilikuwa vimefufuka, kikiwamo Chama Kikuu cha Ushirika cha Mara. Mwaka huo huo wa 1984, akihojiwa na jarida la kimataifa, Nyerere alisema kwamba kama angeanza upya yapo mambo ambayo asingeyarudia, na akayataja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Alikiri kwamba walikuwa na haraka, na kwamba hawakujua. Ni kauli ya kiongozi mkubwa, na kwa watu wa Butiama na Ikizu ina uzito wa pekee, kwa kuwa ilikuwa inawahusu wao.

Hata hivyo chama kilichorudi hakikuwa kile kilichoondoka. Mara Co-operative Union ilirudishiwa viwanda vya kuchambua pamba vikiwa vimechakaa, madeni yakiwa yamejaa vitabuni, na wakulima wakiwa na kumbukumbu ya malipo yaliyochelewa. Mwaka 1994 sheria ikaruhusu wanunuzi binafsi wa pamba. Wenye fedha taslimu walishinda msimu baada ya msimu, na mashine za ushirika zikaanza kunyamaza. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma, iliyoundwa mwaka 1992, ikauza viwanda kimoja kimoja, na Mutex ikaenda mikononi mwa mwekezaji. Tangu hapo imefunguliwa na kufungwa zaidi ya mara moja, na kila kampeni ya uchaguzi Musoma hubeba ahadi ya kuifufua. Tena, uamuzi wa kuuza haukupita mikononi mwa waliokuwa wakiuza pamba kwake wala waliokuwa wakifuma ndani yake.

Wakati pamba ikinyong'onyea, ziwa likatoa kitu kipya. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaanza kujengwa Mwanza na Musoma. Fedha ziliingia mjini kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Minofu ilikwenda Ulaya. Vichwa na mifupa, mapanki, vikabaki kwa mama lishe na wachuuzi. Lakini Umoja wa Ulaya ulipofunga soko kwa hofu ya kipindupindu mwishoni mwa 1997, na tena mwaka 1999 kwa tuhuma za uvuvi wa sumu, viwanda vilisimama ghafla, na mvuvi wa mwalo wa Mwigobero akajifunza kwamba ofisi moja Brussels inaweza kumzima injini. Kuanzia hapo serikali ilianza kuwapa wavuvi wenyewe sehemu ya usimamizi kupitia vikundi vya ulinzi wa rasilimali vya mialo, vile vinavyoitwa BMU. Ni mfano halisi wa ugatuaji uliofika hadi mchangani, pamoja na udhaifu wake wote: kikundi kina wajibu wa kukamata nyavu haramu, na mara nyingi hakina mafuta ya kuendeshea boti.

Kiwanda ambacho hakijawahi kufungwa ni cha dagaa. Hakina jengo. Wanawake wa Musoma na Majita hununua dagaa alfajiri, huwaanika juani, huwafunga kwenye magunia, na magari huwachukua kwenda mikoani na ng'ambo ya mipaka, hadi Kongo. Aliyeanika kwenye kichanja hupata dagaa asiye na mchanga na bei nzuri kuliko aliyeanika chini. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, mzigo unaharibika wote. Kwa hiyo sera ya viwanda inayowafaa wanawake hawa ni fupi mno: vichanja, paa linalopitisha jua, mkopo wa riba ndogo. Wao wanaijua kwa moyo.

Swali la nani aulizwe lilipata majukwaa mapya baada ya mageuzi. Chemba ya wafanyabiashara, viwanda na kilimo, TCCIA, ilianzishwa mwaka 1988 na kujenga matawi mikoani, Mara ikiwamo. Mwaka 2001 likaundwa Baraza la Taifa la Biashara, na baadaye mabaraza ya mikoa na ya wilaya, ambamo mkuu wa mkoa au wa wilaya huongoza kikao na wafanyabiashara hukaa upande wa pili wa meza. Kwa mwenye mashine ya kusaga Butiama, kupata kiti katika chumba hicho ni hatua. Ugumu unakuja kikao kikiisha, kwa kuwa baraza hushauri, na fungu la kutekeleza ushauri linakaa kwingine.

Desemba 2017, Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, TAMISEMI, ilizindua kampeni ya Mkoa Wetu, Viwanda Vyetu, na kila mkoa ukaagizwa kuwa na viwanda vipya visivyopungua 100 ndani ya mwaka mmoja. Hakuna agizo lililowahi kuikaribia mikoa kwa namna hiyo tangu 1972. Na lilikuwa na mantiki: sensa ya viwanda ya mwaka 2013 ilikuta viwanda takriban 49,000 nchini, na zaidi ya asilimia 97 vilikuwa na wafanyakazi chini ya kumi. Viwanda vya Tanzania tayari viko Bunda na Butiama, kwenye vibanda vya kuchomelea vyuma na vinu vya alizeti. Lakini agizo lilikuja na idadi, na mkoa uliopewa idadi huanza kuhesabu. Cherehani tatu chini ya paa moja zikaandikwa kuwa kiwanda. Hakuna aliyewauliza wafanyabiashara wa Musoma kama wanahitaji viwanda 100 au wanahitaji kimoja cha barafu kinachofanya kazi mwaka mzima.

Jirani wa Bunda upande wa kusini alionyesha njia nyingine. Mkoa wa Simiyu, katika miaka hiyo hiyo, ulichagua bidhaa moja kwa wilaya: vijana wa Maswa wakatengeneza chaki, wa Meatu wakasindika maziwa, na halmashauri zikawekeza nao. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, kaunti za Kenya tangu 2013 hupata kwa mujibu wa katiba si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na gavana wa Migori anaweza kutenga fedha za soko au kiwanda bila kusubiri ruhusa ya waziri wa Nairobi. Kaunti nazo zina ubadhirifu wake, kama ule wa ushirika wa miaka ya 1960. Tofauti ni kwamba mpiga kura wa huko anajua nani wa kumwondoa.

Upande wa Mara, mwelekeo wa fedha ulikwenda kinyume na maneno. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara, ambao kwa Bunda maana yake ni pamba, ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mkulima alipata nafuu ya haki kabisa, ila halmashauri iliyoagizwa kujenga viwanda ilibaki na mfuko mwembamba kuliko kabla ya kuagizwa.

Kilichosalia mikononi mwa halmashauri kwa ajili ya viwanda ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo tangu 2018 sheria inataka ikopeshwe bila riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hii ndiyo fedha pekee ya viwanda inayokusanywa na kukopeshwa ndani ya wilaya ile ile, na kwa mwanika dagaa ndiyo njia ya kupata kichanja. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabaya yaliyobainika katika halmashauri mbalimbali, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikijaribu kuipitisha benki. Vikundi vilivyokuwa vimelipa deni lao lote vilisubiri pamoja na vilivyokimbia. Fedha zilikuwa zimekusanywa Musoma, Bunda na Butiama. Uamuzi wa kuzisimamisha ulitangazwa Dodoma.